Uso wa Audace kwenye Ubao wa Mganga

Saa nne asubuhi Quartier Asiatique, mtaa wa maduka wa Bujumbura, ilikuwa imejaa. Malori yanashusha chumvi, wapagazi wanasukumana, na Odette yuko juu ya ngazi mbele ya saluni ya Kudra, suruali ya jinzi imetapakaa rangi, kitambaa cha njano kichwani. Alikuwa amemaliza kuchora kichwa cha mwanamke mwenye misuko juu ya mlango. Kilibaki kichwa cha mwanaume, na hakuwa na mwanaume wa kumtazama.

"We mwenye masikio!" aliita. "Ee, we wa shati nyeupe. Simama apo."

Kijana aligeuka. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, na kwapani alibana madaftari.

"Mi?"

"Nani mwingine ana masikio kama ayo? Dakika kumi tu. Usicheke."

"Na mi napata nini?"

"Utakaa juu ya mulango huu miaka kumi. Wanawake wote wa Buja watakuona."

"Basi chora upande huu. Ule mwingine ni mubaya."

Kudra alicheka mpaka akashika mlango.

Kijana huyo, Audace, alikuwa mwalimu wa hesabu mtaa wa Kamenge, akikaa kwao Gasenyi. Odette alikuwa ametoka Bukavu, Kongo, mwaka wa 1998, akikimbia vita vya kule na kuvikuta vya huku. Kazi alijifunza kwa Mzee Cirimwami, fundi wa mabango, aliyemwandikisha herufi mwaka mzima kabla ya kumruhusu kuchora hata pua. Bukavu alichora ziwa na visiwa kwenye magunia ya unga, wageni wakanunua. Bujumbura wageni walikuwa wachache, na wamejifungia nyuma ya kuta. Alijaribu kuchora ziwa la hapa, mkono ukakataa. Akaishi kwa vichwa vya saluni. Baada ya kukutana na Audace hakutaka ziwa lolote tena. Alichora shingo yake, masikio yake, vidole vyake vyenye vumbi la chaki.

"Alo, sheri, umekula?" Audace aliuliza kila jioni kwenye simu ya shangazi yake Odette.

"Bado. Niko nachora pua yako."

"Acha pua, kula."

"Ni kubwa, inachukua siku mbili."

Mwaka wa 2002, mwezi wa saba, Audace aliwaleta wazee wa ukoo wake Buyenzi, alikokaa Odette, kumposa. Tantine Benite, shangazi huyo, ndiye mzazi pekee aliyembakia Odette. Alishauriwa kumwazima mzee Mrundi wa kumsemea, akakataa. "Kinywa ninacho," alisema. Hapo ndipo alipoharibu.

Walikuja na makreti ya bia. Odette alikaa nyuma ya pazia, amevaa kitenge cha kijani kilichoshonwa kwa siku hiyo. Ami Zénon, baba mdogo wa Audace, akasimama na kukohoa.

"Sisi tulikuwa tunapita tu. Kiu imetushika. Kama kuna maji, tutakunywa twende."

Zénon alingoja jibu la Tantine, hakulipata, akaongeza chumvi. "Musichana? Musichana gani? Sisi hatumujui. Hata kijana wetu muulizeni, hamujui."

Audace aliangalia viatu vyake. Siku hiyo mwoaji hafungui kinywa, ndivyo alivyolelewa.

Odette alitoka nyuma ya pazia. "Audace, mi hunijui?"

Audace aliwatazama wazee wake.

"Sema!"

Odette akabeba ndoo ya maji na kuimwaga miguuni mwa wazee. "Maji ni ayo. Mumekunywa, mwende."

Audace alipiga simu mara tisa. Kila mara Tantine alijibu, "Odette amekufa," akakata.

Wiki ya pili alikuja mganga wa mitishamba, Astère, akitaka ubao mpya. "Nataka mutu mwenye kuumwa sana," alisema.

"Uyo ninaye," Odette alijibu.

Alichora siku tatu, na kazi haikuwahi kumtoka vizuri namna ile. Mwanaume amechuchumaa, suruali magotini, jasho tone kwa tone, mdomo umepinda. Masikio yale yale. Chini akaandika: MINYOO. BAWASIRI. CHOO KIGUMU. Astère aliusimamisha ubao kando ya barabara ya Kamenge, hatua chache kutoka shule ya Audace.

Kesho yake asubuhi Audace alipoingia, darasa zima lilisimama. "Musiyo, pole na ugonjwa."

Odette alikwenda kujisifu kwa Kudra. Kudra alikuwa anasuka mteja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Zénon alisema wanapita, wana kiu?"

"Ee."

"Na nyinyi mulijibu nini?"

"Hatukujibu."

Kudra akaweka chanuo chini. "Odette, we ni mujinga. Wazee wa hapa wote wanasema vile. Mungejibu, maji hatuna, endeleeni na safari. Wanabembeleza, munakataa, munacheka mpaka jioni. Ni muchezo! Na kijana akiongea, anawaaibisha wazee wake."

Odette alikaa juu ya ndoo. "Na mi nimemuchora amechuchumaa."

"Kamenge yote imemuona, mama."

Siku nne hakushika brashi. Ya tano alipiga simu.

"Alo. Umepona?"

"Minyoo imeisha," Audace alisema kwa ukali. "Odette, wanafunzi wananiita Choo Kigumu."

"Ungesema neno moja tu."

"Sikuruhusiwa!"

"Na mi nani aliniambia?"

"Futa ule ubao."

"Astère amekataa. Anasema wagonjwa wameongezeka."

"Ami Zénon naye ameapa harudi kwenu. Viatu vyake vilikuwa vipya."

"Basi njoo we mwenyewe."

"Peke yangu, bila muzee? Watu watanicheka."

"Wanakucheka tayari, sheri."

Jumapili baada ya misa Audace alifika Buyenzi akibeba kreti kichwani, shati limemganda mgongoni. Alikuta lango limefungwa kwa ndani. Majirani wakaanza kutoa viti nje.

"Sema kilichokuleta," Odette alisema kutoka ndani. "Kwa nguvu, wale wa mwisho hawasikii."

"Nataka kumuoa Odette!"

"Odette yupi?"

"Wa Bukavu! Muchora mabango! Mwenye roho mbaya!"

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Tena."

Akasema tena.

"Mufungulie," Tantine alinong'ona, "jua litamuua."

"Bado, Tantine. Aseme na kwa Kirundi, Zénon asije kukana kesho."

Audace akashusha kreti, akasema kwa Kirundi. Kwenye milima juu ya mji mzinga ulilia. Hakuna aliyegeuka, watu walikuwa wanangoja jibu.

Odette akavuta komeo.

"Ingia," alisema. "Mara ya ine utasema mbele ya padri."