Joto Lilipopanda Kivinje

Harufu ndiyo iliyompokea Inspekta Mwanasha. Chumba cha baridi cha ushirika wa pweza Kilwa Kivinje kilikuwa kimekosa umeme usiku kucha. Pweza wote walikuwa wameoza. Wanawake waliokuwa wamefunga mwamba wa baharini msimu mzima, wasiguse hata pweza mmoja ili wakue, walijazana mlangoni.

Askari walishamtia pingu Nasma, binti anayepima joto la chumba kwa kompyuta. Gari la kumpeleka kituoni Kilwa Masoko lilikuwa linaunguruma nje.

"Zimeni hilo gari!" Mwanasha alifoka. Akamgeukia Kornelio, mlinzi wa usiku. "Kwa nini hukuwasha jenereta?"

"Huwashwa joto likipanda, afande. Ningejuaje? Huyu kaharibu kompyuta. Kioo kizima mistari mitupu, mpaka betri ikaisha."

"Hata namba hukuona?"

"Hata moja. Wallahi."

Mwanasha hakukaa. Alizunguka meza, akazunguka tena.

"Nasma, ulifanya nini?"

"Nilifungua picha kimakosa, kama maandishi. Herufi zikageuka. Nikaogopa, nikaenda kutafuta fundi."

"Umeme umerudi. Fungua tena picha hiyo."

Binti, aliyekwisha kufunguliwa pingu, akaifungua. Kioo kikajaa takataka, kisha kila neno likawa vijistari na pembe.

"Ndani ya picha mna alama zisizoonekana," alisema Mwanasha. "Kompyuta imezidhani amri ya kubadili herufi. Sasa andika reset, ubonyeze Enta."

"Sioni ninachoandika."

"Yenyewe inakielewa. Andika."

Vijistari vitano vikatokea. Akabonyeza. Kioo kikasafika, maneno yakarudi. Nasma akaangua kilio. Dawa yenyewe ndiyo hiyo tu!

"Usilie. Irudishe ile mistari, kisha uliza joto."

Neno "joto" lilitoka kama mistari. Mbele yake, namba iliyo wazi kama mchana: 9.

"Zinazogeuka ni herufi ndogo," alisema Mwanasha. "Namba haziguswi. Kornelio, hiyo ni nini?"

Kornelio aliinamia kioo.

"Tisa."

"Na usiku?"

"Niliiona ikipanda. Miaka yote kipimajoto kilikuwa changu. Akaja huyu mtoto, mimi nikapewa mlango. Nilitaka afukuzwe, basi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Bertha, mke wa Kornelio, alipenya katikati ya wanawake, bado ana chuma cha kuchokolea pweza mkononi.

"Na pweza wangu walikuwamo, Baba Tomaso. Ulijua?"

Kornelio akamnyooshea askari mikono.

"Nilijua."