Mgeni wa Namba Tisa

Mgeni wa namba mbili alikuja mapokezi saa sita na nusu mchana, taulo begani na nywele hazijakauka, akauliza kwa adabu kama hoteli ile ilikuwa na desturi ya kuonyesha watu vyumba ambavyo wenyewe bado wamo ndani.

"Hapana, kaka yangu," karani akajibu. "Kwani vipi?"

"Nilikuwa nimejilaza ndani ya chandarua. Mlango ukagongwa mara tatu, ukafunguliwa. Godoro likabonyezwa hapa miguuni, mara mbili. Bomba likafunguliwa, likafungwa. Dirisha likasukumwa. Kisha mlango ukarudishwa taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua."

"Alikuwa mwanamke au mwanamume?"

Mgeni akatazama nyuma yake kabla ya kujibu. "Dada, ningemwona nisingekuja kukuuliza."

Karani alicheka kidogo, akasema ni upepo, akaahidi kitasa kipya. Lakini mgeni alipoondoka, aliinamia daftari lake na asiandike kitu. Kugonga mara tatu, kubonyeza godoro mara mbili, bomba, dirisha: hiyo ilikuwa kazi yake yeye, tena kwa mpangilio huohuo.

Watu walimwita Bi Karibu, na jina hilo alilipata kwa haki. Hakuweza kumaliza sentensi bila kumkaribisha mtu. Alimkaribisha paka jikoni, alikaribisha mvua, na siku moja alimwambia mkaguzi wa afya kwenye simu, "Karibu wakati wowote," naye akaja kesho yake, wapishi wakamnunia wiki nzima. Hoteli ilikuwa ndogo, vibanda tisa vya mawe vilivyoezekwa makuti, kwenye kisiwa ambacho boti ilifika Jumatatu na Alhamisi tu. Hakuna vibanda viwili vilivyofanana, kwa hiyo mgeni akishuka kwenye boti hakupangiwa chumba. Bi Karibu alimtembeza achague mwenyewe. Aligonga mara tatu hata kama ndani hamna mtu, akabonyeza godoro mara mbili, akafungua bomba kuonyesha maji, akasukuma dirisha, kisha akasema, "Hapa pazuri. Utakaa?"

Namba tisa haikuonyeshwa kwa mtu. Ilikuwa mwisho kabisa wa njia, chini ya mwamba, imetulia, bahari yote iko mbele yake. Kila asubuhi mtandika vitanda, mama wa makamo aliyejulikana kama Mama Shuka, aliingia humo akabadilisha shuka ambazo hazikulaliwa na kukunja taulo ambalo halikulowa. Ukimuuliza, alijibu maneno mawili tu: "Kuna mtu." Ilisemekana kwamba wakati wa kujenga, kila msingi uliochimbwa asubuhi ulijaa maji ifikapo adhuhuri, mpaka mwenye hoteli aliposimama pale na kusema kwa sauti kwamba aliyewatangulia atapewa chumba chake, kizuri kuliko vyote. Tangu hapo maji yakakaa baharini. Bi Karibu alikuwa na miaka minne pale na bado aliamini kwamba Mama Shuka alitafuta tu mahali pa kujinyoosha.

Basi Jumatatu hiyo alikuja mdogo wake na mumewe.

Mdogo wake huyu alikuwa mtoto wake kwa kila kitu isipokuwa kumzaa. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa na miaka tisa, na dada mtu ndiye aliyemsuka, akamsomesha, akasimama mlangoni siku ya harusi yake akilia mpaka kope zikavimba. Yeye mwenyewe hakuolewa. Miaka ilipita akiwa na shughuli. Sasa mdogo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza ziliharibika kabla ya kufika hapo. Daktari alisema apumzike, asisumbuliwe na kelele, asishtuliwe na kitu.

Kibanda kilichobaki kilikuwa namba tatu, ukuta mmoja na jenereta. Mdogo alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono tumboni, akijitahidi kutabasamu.

"Dada, hapa panatosha. Usihangaike."

"Panatosha nini, kichwa kinakugonga namna hiyo! Shemeji, beba mabegi."

Bi Karibu alichukua ufunguo wa namba tisa ubaoni, akatangulia. Mama Shuka alikuwa kwenye kamba za kuanikia, hakumwona. Ndani mlikuwa na ubaridi mzuri na harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji. Akaondoa lile taulo lililokunjwa. Kisha mazoea yakamshinda, na utani pia, akaukabili ukuta mtupu na kuinama kidogo, kama alivyofanya kila wageni wawili walipotaka chumba kimoja.

"Samahani sana, mgeni wetu. Chumba hiki kimepata mtu. Karibu uchague kingine, chochote kitakachokupendeza."

Mdogo wake akacheka hadi akashika mbavu. Dirisha likajifunga lenyewe, wakasema ni upepo.

Hayo yalikuwa ya Jumatatu. Jumanne ndiyo yule wa namba mbili alikuja na taulo begani, na jioni yake bibi wa namba moja, aliyeona haya kusema mapema, akakiri kwamba naye aligongewa. Jumatano mchana Mama Shuka alikuta godoro la namba tatu, chumba kitupu, limebonyea sehemu mbili, bomba linadondosha na ile harufu ya chokaa imejaa hadi kwenye makuti. Ilipofika saa saba walikuwa wamekuja wa namba nne na wa tano. Wa namba sita hakuja. Alikutwa ameketi ufukweni juu ya sanduku lake, akisubiri boti ya kesho.

"Na kabla hakijatoka kilisema," alimwambia Bi Karibu kwa kunong'ona. "Kilisema, 'Hapa si pabaya.' Nisamehe dada, lakini sauti ilikuwa yako."

Bi Karibu aliogopa. Aliogopa kweli. Usiku ule hakulala, akihesabu vibanda kwa vidole kama mtoto anayejifunza namba, na kila alipofika cha tisa alianza upya. Asubuhi alimwambia shemeji yake wafungashe, waondoke na boti ya saa nane. Hakumwambia kwa nini. Kisha akamtafuta Mama Shuka, akampata adhuhuri ikikaribia, na kumweleza yote.

Mama Shuka alikuwa anakunja foronya. Akaiweka chini. "Mwanangu, mimi niliona namba tisa ina wageni nikadhani mwenye hoteli kaamua. Hebu niambie neno kwa neno. Ulipomtoa, ulimwambia nini?"

Bi Karibu akasema.

"Chochote?"

"Chochote kitakachokupendeza."

"Ukamkaribisha?"

"Ni mazoea tu, mama. Nilikuwa natania."

"Yeye hajui utani. Anajua kuahidiwa." Mama Shuka alishika ukuta. "Ametii. Anatembea kama unavyowatembeza wengine, anatazama, anachagua. Leo alibakiwa na saba na nane. Na saa hizi…"

Wote wawili walitazama saa ya ukutani, na ilikuwa saa sita na dakika kumi, jua limesimama utosini na kisiwa kizima kiko kimya kwa namna ambayo hakijawahi kuwa kimya, hakuna ndege, hakuna jenereta, hata mawimbi yanafika mchangani bila sauti, na Bi Karibu akaanza kukimbia, kandambili zikamtoka moja baada ya nyingine, akapita saba ambapo mlango ulikuwa wazi na mtu amesimama nje, akapita nane ambapo bomba lilikuwa bado linadondosha, na kadiri alivyoukaribia ule mwamba ndivyo harufu ya chokaa mbichi ilivyomwingia puani na kooni, nayo ilikuwa inawaka, na kabla hajaufikia mlango akasikia ndani, polepole, kwa adabu yote, ngo, ngo, ngo, lakini si kwenye mbao, bali kwenye kitu laini.

Mdogo wake alikuwa amelala chali, macho wazi, mikono imekakamaa pembeni. Shemeji alikuwa baharini anaogelea kwa mara ya mwisho kabla ya boti. Gauni la mdogo lilikuwa limetanda juu ya tumbo, na mbele ya macho ya Bi Karibu tumbo lile likabonyea, kama godoro linavyobonyea chini ya kiganja. Likainuka. Likabonyea tena.

"Dada," mdogo alinong'ona bila kusogeza midomo. "Mtoto amenyamaza."

Na kutoka hewani, juu kidogo ya kitanda, Bi Karibu akaisikia sauti yake mwenyewe, ile ya kazini, tamu na yenye haraka kidogo.

"Hapa pazuri. Nitakaa."

Watu wengine wangepiga kelele. Yeye alitaka kupiga kelele, lakini miaka yote ile mbele ya wageni wakali ilimsimamisha wima, na alipofungua kinywa akatokwa na maneno ya mapokezi.

"Samahani, mgeni wetu. Hapo kuna mtu."

"Uliniambia chochote."

"Nilikosea. Kosa ni la mapokezi, si lako. Chumba chako cha zamani ni hiki, tunakurudishia sasa hivi, na shuka mpya."

"Hiki kitupu," sauti ikasema. "Miaka yote nimelala patupu, nikadhani ndivyo vyumba vilivyo. Wiki hii nimeingia vyenye watu. Vina joto. Sirudi."

Tumbo likaanza kubonyea mara ya tatu, na safari hii halikuinuka, na mdogo wake akatoa mlio mdogo ambao Bi Karibu aliujua, kwa kuwa aliusikia kwake siku walipomzika mama. Mama Shuka alikuwa amefika mlangoni. Akamwona Bi Karibu akinyanyua mkono, akajua anachotaka kufanya, akapaza sauti, "Usimkaribishe! Mwanangu, usiseme!"

"Kuna kingine," Bi Karibu akasema, akaweka kiganja kifuani pake. "Hicho ulichochagua ni kidogo, na mwenyewe ameshalipiwa na wawili waliomtangulia. Njoo uone hiki. Kina miaka arobaini na miwili, hakijawahi kukaliwa na mtu. Kina joto. Madirisha mawili. Karibu."

Kisha, kwenye mbavu zake, mara tatu, akagongewa.

Kitandani mtoto alipiga teke, kubwa kiasi kwamba gauni liliruka, na mdogo akaangua kilio cha furaha akimshika dada yake mkono. Hakuelewa kwa nini mkono ule ulikuwa wa baridi namna ile, wala kwa nini Mama Shuka alikaa kizingitini na kujifunika uso kwa foronya.

Waliondoka na boti ya saa nane. Mtoto alizaliwa wakati wake, wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuvunja kioo.

Alipofika miaka miwili wazazi wake walimleta kisiwani kumsalimia mama mkubwa. Walimkuta palepale mapokezi, amekonda, nadhifu, vitabu vyake vimenyooka. Wafanyakazi walimpenda bado, ila jina la Bi Karibu walikuwa wameliacha, maana neno hilo hakulitamka tena kwa mtu wala kwa paka. Wageni wapya walitembezwa na mwingine. Namba tisa ilikuwa imefunguliwa, inapangishwa kama vyumba vyote, na hakuna aliyewahi kulalamika.

"Nenda kwa mama mkubwa," mdogo akasema, akimsukuma binti yake kwa upole. "Ndiye aliyenilea mimi kabla yako."

Bi Karibu alipiga magoti na kufungua mikono. Alikuwa ameingoja siku ile kwa miaka miwili na kuiogopa kwa miaka hiyohiyo. Mtoto alimjia moja kwa moja, akasimama mbele yake, akamtazama jicho la kulia, kisha la kushoto, kama mtu anayechungulia ndani ya nyumba. Akakunja kijingumi chake, akamgonga kifuani mara tatu, akatega sikio.

"Kuna mtu," sauti ikajibu, tamu na yenye haraka kidogo, na midomo ya Bi Karibu ilikuwa imefumbwa.