Nani Kaweka Matawi?

Tusekile alikaa Tukuyu, milimani, ambako mawingu yakichoka angani hushuka kupumzika barabarani.

Asubuhi hiyo yalikuwa yamechoka sana. Ukungu ulimeza migomba. Ukameza nyumba ya jirani. Ukameza hata jogoo, ikabaki sauti yake tu.

"Twende kwa Fundi Mwaisumo," alisema Mama. "Gari letu limeumia."

Jana ng'ombe wa jirani alijikuna kwenye gari. Taa moja ikapasuka. Bampa likaning'inia. Ng'ombe hakupata hata mkwaruzo.

Tusekile akapanda nyuma, akafunga mkanda. Bampa likaanza kuimba.

*Kwaru, kwaru, jicho moja.*
*Polepole, tutafika.*

Mbele kidogo, askari wa barabarani akachomoza ukunguni. Kwanza mkono. Halafu kofia. Halafu askari mzima.

"Mama, gari lako lina taa moja," alisema. "Gari bovu haliruhusiwi barabarani."

"Ndiyo maana nalipeleka kwa fundi, afande."

"Lipeleke. Lakini lisipite barabarani."

"Sasa lipite wapi, afande?"

Askari akafikiri. Akautazama ukungu kama mtu anayetaka kuudai leseni.

"Haya, nenda," alisema mwishowe. "Lakini nenda kama huendi."

Mama akaenda kama haendi.

*Kwaru, kwaru, jicho moja.*
*Polepole, tutafika.*

Kukawa kimya. Hakuna mti. Hakuna mtu. Weupe mtupu.

Kisha Tusekile akasikia kitu kinatembea kando ya barabara, kwenye majani yenye umande.

*Chwa. Chwa. Chwa.*

"Mama, nani huyo?"

"Hakuna mtu, Tuse. Ni migomba inadondosha maji."

*Ka-cha!* Tawi likavunjika mahali fulani.

"Na hilo, Mama?"

Mama alishika usukani kwa nguvu.

Mbele yao, katikati ya barabara, lilikuwa limelala tawi.

Tusekile alijua maana yake. Watoto wote wa huko wanajua. Gari likiharibika, dereva hukata matawi, akayalaza barabarani nyuma ya gari lake. Matawi husema: Simama! Kuna mtu amekwama mbele!

"Mama, simama!"

"Aa, hilo la zamani. Watu wakishatengeneza magari yao huondoka, matawi wanatuachia sisi."

Ni kweli. Watu ndivyo walivyo.

Mama akalikwepa tawi.

*Chwa. Chwa. Ka-cha!*

Tawi jingine.

"Mama, simama!"

"La zamani na hilo, mwanangu."

*Chwa. Chwa. Ka-cha!*

Tawi jingine tena. Tusekile akabandika pua kwenye kioo. Majani yake hayakuwa yamenyauka. Na pale lilipovunjwa, utomvu mweupe ulikuwa unadondoka. Ndo. Ndo. Ndo.

"Mama! Bado linalia! Limevunjwa sasa hivi!"

Mama akakanyaga breki. *Kriiii!*

Gari likasimama. Na hapo hapo, mbele ya pua yake, palikuwa na kitu kikubwa. Cheusi. Kimya.

Kikasema: "Huuuu... nani huyoooo?"

Tusekile akajificha nyuma ya kiti.

"Wewe ndiye nani?" aliuliza Mama. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Miye Mwaisumo."

"Fundi Mwaisumo? Fundi wa magari?"

"Ndiye. Lakini gari langu halina habari hiyo. Limezimika, halitaki kuwaka."

Fundi akashuka, anatetemeka kwa baridi.

"Shikamoo, Fundi," alisema Tusekile.

"Marahaba, mwanangu. Jamani, Mama Tusekile, mngenigonga!"

"Asante kwa kuweka matawi," alisema Mama.

"Matawi gani?"

"Hayo hapo nyuma."

Fundi akakodoa macho. "Mimi sikuwa nimeshuka garini. Nimesikia kitu kinatembea, *chwa, chwa,* nikafunga milango."

Mama akamtazama Fundi. Fundi akamtazama Mama. Kisha wote wakautazama ukungu.

Ukungu ulitulia tuli, kama haujui lolote.

"Asante," Tusekile akauambia, taratibu.

*Chwa,* ukajibu ukungu. *Chwa... chwa...* Kitu kikaenda zake.

Siku hiyo Fundi alifanya kazi upesi kuliko fundi yeyote duniani. Akachomoa taa ya gari lake, akaifunga kwenye gari la Mama. Akafunga na kamba, gari dogo la Mama livute kubwa lake.

Tusekile na Mama wakaondoa matawi yote barabarani. Wao si kama watu wengine.

*Kwaru, kwaru, macho mawili.*
*Polepole, tumefika!*

Ndivyo mgonjwa alivyompeleka daktari hospitali.

Usiku Mama akamfunika Tusekile. Nje, ukungu ulikuwa umesogea hadi dirishani.

"Nifunge dirisha?"

"Acha wazi kidogo, Mama. Leo katembea sana."

Mama akafikiri. Akaacha wazi kidogo. Kisha akaleta blanketi jingine.

Ukungu ukaingia bila kubisha hodi, ukajikunja miguuni pa kitanda.

Tusekile alikuwa ameshalala.