Bundi wa Mchana

Kavindu alikuwa anakimbia na dawa za shangazi yake mkononi alipogongana na kijana aliyesimama katikati ya steji ya Kitui, shingo juu, darubini machoni, kana kwamba magari hayajaumbwa.

"Woi! Wewe huoni?"

"Naona sana," kijana akajibu, akimwokotea chupa ya dawa. "Nilikuwa naona korongo kwa ule mnara. Sasa naona wewe."

Aliitwa Mulei, wa kijiji cha Tulia, shati la kijani lililopauka. Kazi yake kuwaonyesha watalii ndege. Kitui alikuja matembezi ya siku mbili tu. Kavindu naye alikuwa na gauni la zambarau la kanisani, maana alitoka Kalamba mbio kumuuguza shangazi na hakubeba nguo nyingine ya maana. Wakapeana namba, na kufikia jioni simu ya Kavindu haikutulia.

"Mrembo, umelala?"

"Saa moja hii? Mimi ni kuku?"

"Kesho nikuonyeshe ndege. Hapo kwenu kuna miti?"

"Kuna mgunga nyuma ya nyumba. Lakini kuja polepole, Mulei. Shangazi yuko vibaya."

Tangu atoke hospitali, shangazi Mwongeli aliongea mambo ya kufa tu: shamba ligawanywe vipi, azikwe na leso gani. Kila asubuhi Kavindu aliogopa kufungua mlango wa chumba chake.

Kesho yake alasiri Mulei akasimama chini ya mgunga, meno yote nje. "Ngoja uone, mpenzi." Akabonyeza simu. Ikatoka sauti ya bundi mdogo, kali, ikipanda. Ndege wadogo humchukia bundi. Wakimsikia mchana huja kumfukuza, na watu wa kazi ya Mulei huwaita hivyo. Sasa jamani, Mkamba gani hajui maana ya bundi kulia kwa mgonjwa? Mulei alijua tangu utotoni. Lakini kijana akitaka kumfurahisha msichana, akili huenda likizo.

Ndani ya nyumba shangazi akapiga yowe. "Amekuja! Amekuja kunichukua!"

Majirani wakatoka na marungu na panga. "Mchawi! Ana bundi kwa simu!" Mzee Nzau, wa nyumba ya pili, akamnyang'anya Mulei simu, na mtu mwingine akamchapa ngumi ya mdomo. Kavindu alishasikia habari za watu waliochomwa kwa uvumi mdogo kuliko huo.

"Kavindu, unamjua huyu?" Nzau akafoka.

Kabla Kavindu hajafungua mdomo, Mulei akamtazama, damu ikimchuruzika kidevuni, akasema haraka, "Hanijui. Nilikuwa napita tu."

Hapo ndipo Kavindu alipokatika maini. Mtu anapigwa, na bado anakukinga? Akampokonya Nzau simu.

"Namjua! Nilimwita mimi! Kama ni uchawi, nipigeni na mimi!" Akabonyeza mwenyewe. Bundi akalia tena. Watu wakarudi nyuma. Mara mgunga ukajaa ndege: shore, chozi, na wengine wa manjano asiowajua, wakipiga kelele, wakimtafuta bundi wasimwone.

Shangazi akatokea mlangoni, ameegemea ukuta, shuka mabegani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka kitandani tangu arudi kutoka hospitali.

"Bundi yuko wapi?"

"Hayuko, shangazi. Ni simu tu."

"Hata kama ni simu," Nzau akasema, "boma limeliliwa na bundi. Lazima mbuzi wa kulisafisha."

"Nitamleta, mzee," Mulei akasema. "Na Kavindu akikubali, nilete na wazee wetu, na mbuzi wa ntheo, wale wa kuomba mke."

"Wewe!" Kavindu akasema. "Unachumbia na mdomo umevimba?"

"Wakinimaliza, nitauliza lini?"

"Nimekubali. Kaa chini kabla hujaanguka." Alikuwa bado anaogopa, na mkono wa Mulei hakuuachilia.

"Mmejuana lini?" shangazi akauliza.

"Jana."

Shangazi akaguna. "Mbuzi wa bundi aje kwanza. Hao wa ntheo wasichinjwe mpaka nipone. Na mimi nataka nyama."

Kusikia hilo neno 'nipone', Kavindu akaangua kilio, mbele ya majirani wote na panga zao.