Ujumbe Usiokuwa na Kwaheri

Kila asubuhi nyumbani kwao Chiriku kulisikika kelele ileile. Mlango unafunguliwa kwa kishindo, begi linagonga ukuta, viatu vinakimbia juu ya kokoto, kisha sauti ya mama yake inatoka jikoni:

"Wewe! Umeaga?"

"Nimeaga!"

"Umemuaga nani, mlango?"

Hapo msichana hurudi mbio, huchungulia dirishani na kusema, "Haya mama, kwaheri," huku miguu imeshaelekea barabarani. Hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa na haraka tu, haraka ya kuzaliwa nayo, na maneno mengi juu yake. Ndiyo maana watu wakamwita Chiriku.

Siku hizo haraka yake ilikuwa na sababu. Juu ya paa la darasa la sayansi palikuwa na antena iliyofungwa kwenye bomba la chuma. Chini yake, mezani, palikuwa na kompyuta moja na spika iliyokoroma kama mzee aliyelala kitini. Kwa vitu hivyo wanafunzi waliongea na satelaiti.

Satelaiti yenyewe haikuwa kubwa kuliko debe la mafuta. Ilikuwa mali ya shule kadhaa kwa pamoja. Ilizunguka dunia huko angani, na kila ilipopita juu yao ilionekana kwa muda mfupi tu, kama muda wa kuchemsha chai, kisha ikazama upande wa pili. Katika muda huo shule zote zilipaswa kuongea nayo, moja baada ya nyingine. Shule ya Chiriku, iliyokuwa mjini, ndiyo iliyotangulia. Iliyofuata ilikuwa shule ya kilimani, alikosoma binamu yake, mtoto wa shangazi. Huyo alikuwa msichana mpole, afanyaye kila jambo polepole, hata wenzake wakamwita Kobe.

Mwanzoni kila shule ilikuwa ikiongea na satelaiti kwa namna yake. Hawa walianza na jina, wale na namba, wengine waliingia tu kama upepo. Ikawa vurugu tupu. Ndipo walimu na mafundi wakakaa pamoja, wakakubaliana utaratibu mmoja kwa wote, wakauita itifaki. Aliyekuja kuwaeleza watoto alikuwa fundi wa kituo cha mawasiliano, mama mmoja aliyening'iniza visikizi vya masikioni shingoni kama mkufu. Watoto walimwita Mama Antena.

"Ukienda kwa jirani unafanyaje?" aliwauliza. "Unapiga hodi. Unajitaja. Unasema lililokuleta. Kisha unaaga, unatoka. Na satelaiti ni hivyohivyo. Hodi, jina la shule, ujumbe wenyewe, halafu idadi ya herufi ulizotuma, ili ihesabu na kujua kama kuna zilizodondoka njiani. Mwisho, kwaheri. Ikisikia kwaheri inafunga mazungumzo yako na kumngoja mwingine. Na ujumbe usizidi urefu tuliokubaliana, wenzenu nao wapate nafasi."

"Na mtu asipoaga?" mtoto mmoja aliuliza.

Mama Antena alilijibu swali hilo vizuri. Lakini Chiriku hakulisikia jibu. Alikuwa anamnong'oneza jirani yake ni nani atakayekalia kiti cha kompyuta kwanza.

Aliyekikalia akawa yeye, maana hakuna aliyekuwa na vidole vyepesi kama vyake.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu wa sayansi alitaka picha ya mji iliyopigwa kutoka juu, aitundike ukutani. Chiriku akawaza, kwa nini picha moja? Akaandika kuomba picha ya mji na picha ya ziwa lililo nyuma ya mji. Ujumbe ukajaa mpaka pomoni. Hapakubaki nafasi ya mkia wake, yaani ile idadi ya herufi na ile kwaheri. Spika ilianza kukoroma. Satelaiti ilikuwa inachomoza.

"Tayari?" mwalimu aliuliza, akiwa dirishani anaangalia antena.

"Tayari, mwalimu!"

Akaukata mkia, akatuma.

Picha zilikuja, zote mbili. Mwalimu alicheka kwa furaha. "Huyu mtoto ana mkono wa baraka! Nimeomba moja kaleta mbili!" Zikachapishwa kubwa, zikatundikwa kwenye ukumbi, na chini yake likaandikwa jina la darasa. Siku ya wazazi mama yake alisimama mbele ya picha hizo akajaribu kutafuta paa la nyumba yao.

Basi Chiriku akaamini kwamba ule mkia ni urembo tu. Tangu siku hiyo akawa anaukata kila alipotuma ujumbe, ili apate nafasi ya kuomba zaidi. Ukionja asali utachonga mzinga.

Wiki zikapita. Jumamosi moja shangazi alikuja kuwatembelea, akaja na Kobe. Siku nyingine wangekuwa wameshaangua vicheko kabla viatu havijavuliwa. Safari hii Kobe alikwenda kuketi kwenye ngazi za nyuma, akawa anabandua rangi ya ukuta kwa ukucha.

"Una nini wewe? Umemeza jiwe?" Chiriku alimuuliza.

"Wananitoa kwenye kompyuta."

"Nani?"

"Shule. Tunapima mvua kila asubuhi, halafu natuma vipimo kwa satelaiti ili wenzetu wa bondeni wajue maji yanayowashukia. Kumbe vinafika takataka. Siku nyingine havifiki kabisa. Wanasema nakosea kuandika." Akafuta pua kwa mkono. "Wananiita Vidole Gogo."

"Lakini wewe huandiki haraka. Unakoseaje?"

"Ndiyo wanavyonicheka. Ati, polepole yote hiyo na bado anakosea! Chiriku, mimi nasoma, narudia kusoma, ndipo natuma. Ni kama satelaiti haiisikii hodi yangu. Ni kama kuna mtu bado yumo ndani anaongea."

Chiriku aliketi kando yake kwenye ngazi.

"Ilianza lini?" aliuliza taratibu.

"Tangu siku zile mlipopata picha za siku ya wazazi."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu aliyebaki ndani akiongea alikuwa yeye. Aliingia, akasema yake, hakuaga. Satelaiti ikamngoja masikio wazi, na Kobe alipofika na hodi yake na mvua yake, yote yakachukuliwa kuwa maneno ya Chiriku yanayoendelea.

Alifungua mdomo aseme.

"Pole," akasema. Basi.

Chakula cha mchana hakikushuka. Mama yake alimgusa paji la uso, akasema hana homa. Jioni shangazi na Kobe walipoondoka, Chiriku alijifanya yuko bafuni.

Kitandani alijipa moyo. Nitarekebisha, aliwaza. Nitaanza kuweka mkia, mambo yatakaa sawa, na hakuna haja ya mtu kuaibika. Jumatatu alifanya hivyo kweli. Aliomba kidogo, akahesabu herufi, akaweka kwaheri. Alipotoka darasani alijiona mwepesi kidogo.

Wepesi huo haukudumu. Siku mbili baadaye mwalimu aliingia akitabasamu.

"Habari njema. Vipimo vya mvua vya kilimani vimeanza kufika, safi kabisa! Wamemweka mtoto mwingine kwenye kompyuta. Kumbe tatizo lilikuwa yule msichana."

Darasa likacheka. "Vidole Gogo!" mmoja akaita kutoka nyuma. Jina lilikuwa limeshashuka kilima.

Chiriku aliinamisha uso. Alidhani anazima moto, kumbe ameuongezea kuni. Kwa kurekebisha kimyakimya alikuwa amekamilisha ushahidi dhidi ya binamu yake. Tangu hapo hakupita tena kwenye ukumbi wenye picha. Alizunguka nyuma ya vyoo, hata mvua ikinyesha. Mwalimu akimsifu, alihisi sifa zinamchoma kama upupu.

Wiki iliyofuata Mama Antena alikuja kukaza antena. Alikuwa juu ya ngazi, na Chiriku chini akimshikia spana, mwalimu akiwa kando.

"Kutoka hapa napanda kilimani," Mama Antena alisema huku akizungusha nati. "Mwalimu wao anataka neno langu la mwisho. Yule binti wamtoe kwenye kikundi moja kwa moja, au wamrudishe. Mimi naona wamtoe tu. Toka alipoondolewa, hakuna ujumbe ulioharibika. Nipe spana ndogo, mwanangu."

Spana haikupanda.

"Mwanangu? Spana."

"Siyo yeye, mama," Chiriku alisema.

"Siyo nani?"

"Kobe hakukosea. Ni mimi. Nilikuwa nakata mkia wa ujumbe ili niombe vitu vingi. Sikuwa naaga."

Mama Antena alishuka ngazi, akainama, akamtazama uso kwa uso.

"Ulikata mara moja?"

"Kila siku. Mpaka Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na Jumatatu ile ukaacha. Kwa nini?"

Chiriku akaitazama spana mkononi mwake.

"Kwa hiyo ulijua," Mama Antena alisema, bila kupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Nilijua tangu Jumamosi, Kobe alipokuja kwetu. Nilifikiri nikirekebisha, yataisha yenyewe." Machozi yakaanza. "Kumbe yakamwangukia yeye."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Na mimi nilisifu picha mbili bila kuuliza ya pili imepatikanaje," alisema. "Kiti cha kompyuta utakiacha mpaka muhula uishe. Picha ya ziwa tutaitoa ukutani. Lakini kuna jambo siwezi kulifanya kwa niaba yako. Nenda kilimani na fundi, ukaseme hayo uliyosema hapa, mbele ya wale waliomcheka."

Wakapanda kilimani siku hiyohiyo.

Shule ya kilimani ilikuwa na darasa la sayansi dogo, na kipima mvua nje ya dirisha. Watoto waliambiwa watulie. Kobe alikuwa mwisho kabisa, karibu na ndoo ya maji.

"Mimi ndiye niliyeharibu vipimo vyenu," Chiriku alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Ujumbe wangu haukuwa na kwaheri, ukameza wa kwenu. Kobe aliandika sawasawa siku zote. Anayestahili kuitwa Vidole Gogo ni mimi."

Mvulana mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akageuza kuwa kikohozi.

Kobe alisimama. "Nililia pale kwenye ngazi zenu," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Ukaniambia pole."

"Ndiyo. Nisamehe."

Kobe alitembea kwa mwendo wake uleule, akapita katikati ya madawati, akavuta kiti cha kompyuta, akaketi. Satelaiti ilikuwa karibu kupita. Aliandika herufi moja moja, akasoma, akarudia kusoma. Alipofika mwisho aligeuka akamtazama Chiriku. "Njoo uhesabu herufi," alisema. "Usiharakishe."

Wakahesabu pamoja. Ulikuwa mwaliko mfupi, lakini Chiriku aliushika kwa mikono miwili. Kobe akaandika kwaheri, akatuma. Spika ikakoroma, kisha kwenye kioo pakatokea jibu la satelaiti: imepokea, hakuna kilichopungua, kwaheri.

Darasa likapiga makofi. Mama Antena akainua mkono.

"Sikilizeni, wanangu. Mimi nami nimejifunza. Nilimhukumu mtu kwa sababu ujumbe ulioharibika ulikuwa wake, sikuuliza aliyemtangulia alitokaje. Na mafundi tutaongeza kifungu kwenye itifaki: mtu akinyamaza bila kuaga, satelaiti ifunge mazungumzo yake yenyewe. Mashine tunaweza kuitengenezea hivyo. Binadamu hatengenezeki hivyo." Akamgeukia Chiriku. "Itifaki ni ahadi. Ukiikata kipande kujifaidisha, yupo nyuma yako asiyekuona, naye ndiye atakayeumia. Na ukishakosea, kurekebisha kimyakimya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumtua mwenzako mzigo uliomtwisha. Bila hiyo, kosa lako bado liko wazi, kama ujumbe usioaga."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

Fundi alikusanya vifaa vyake. Chiriku, aliyechoka kutazamwa, aliinua begi akakimbilia mlangoni. Alikuwa ameshafika kwenye kipima mvua aliposikia sauti nyuma yake, sauti ya polepole, yenye kicheko kwa mbali.

"Chiriku! Umeaga?"

Akasimama. Akarudi mpaka ndani, hatua kwa hatua, akampa binamu yake mkono.

"Kwaheri, Kobe."

"Haya," Kobe alisema. "Nimepokea."