Mpangaji wa Chumba cha Mwisho

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika jengo lile ni kwamba fundi cherehani alianika gauni la marehemu mkewe nje ya chumba cha mwisho, ghorofa ya juu, na dobi aliyepita na beseni akamwambia amelibana vibaya, litaacha alama mabegani. Fundi akalibana upya. Jioni alipolianua lilikuwa limekauka, ila kwapani lilikuwa na jasho.

Alidhani watoto wamelichezea.

Gauni lilikuwa pale kwa kazi maalumu. Kampuni iliyonunua jengo ilitaka kulibomoa ijenge nyumba za wenye nazo, na mahakama iliizuia maadamu kila chumba kina mkaaji. Chumba kimoja kikikutwa kitupu, zuio linaanguka na wote wanatoka. Mpangaji wa chumba cha mwisho alipochoshwa na vitisho akahama kimyakimya, fundi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, alimwambia wakala wa kampuni kwamba mkewe ni mgonjwa na amehamishiwa mle apate utulivu. Wakala hakujua kwamba mke huyo ameshazikwa.

Basi kamati ikajiwekea utaratibu. Kila apitaye mlango ule alipiga hodi na kusalimia kwa sauti, ili wapambe wa kampuni waliokaa ng'ambo ya barabara wasikie. Umeamkaje, mama. Kifua vipi leo. Kaa, usihangaike, hapa ni kwako. Dobi alikuwa akisema hajapata kuona mpangaji bora kuliko huyo: hagombanii choo, hamalizi maji, wala haleti wageni. Mwanamke wa ghorofa ya chini waliyemwita Kengele, ambaye kazi yake ilikuwa kugonga sufuria wabomoaji wakitokea, alicheka mpaka akashika ukuta.

Kengele ndiye aliyeitikiwa kwanza. Jua lilikuwa linazama. Alipiga hodi, na kabla hajaongeza neno, ndani kukasemwa karibu, kwa sauti nzito ya mtu aliyeamka sasa hivi. Alimtukana dobi kwa mzaha, kwamba hata kuiga wanawake hajui. Kisha akatazama uani na kumwona dobi amechuchumaa, anasugua mashuka.

Tangu hapo ukumbi wa juu ukawa unanuka dawa ya hospitali. Halafu kikaanza kikohozi, kikavu, kikifuatiwa na kimya kifupi kama mtu anameza mate kwa shida. Fundi alikijua kikohozi hicho. Alikuwa ameketi kando ya mkewe siku kilipokoma. Hakumwambia mtu, ila alianza kupanda juu mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Siku moja bintiye, Kidoti, alirudi kutoka kucheza akiwa amesukwa. Njia za nywele zilipinda kushoto. Mama yake alisuka hivyo hivyo. Hakuwahi kuweza kuzinyoosha, na walikuwa wakimtania kwa hilo.

"Nani kakusuka?" fundi akauliza.

"Mama," mtoto akasema. "Mikono yake ina baridi, baba."

Baada ya hapo Kidoti hakula tena nyumbani. Alisema ameshakula juu. Mashavu yake yakaanza kubonyea. Walipomfungia chumbani alitoka bila mtu kusikia komeo, nao wakamkuta amelala kwenye kizingiti cha mlango ule, shavu sakafuni, akiitikia maswali ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia.

Wakamleta mganga, mama mnene mwenye miwani, ambaye alipofika ngazi ya juu alikataa kwenda mbele. Aliuliza tu jinsi walivyokuwa wakisalimia mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mmemwambia kaa, naye kakaa," alisema kwa sauti ya chini. "Jini aliyevamia namtoa. Aliyekaribishwa simuwezi. Yule aliyesema yumo ndiye aseme hayumo, tena mbele ya wale wale aliowadanganya. Na afanye haraka. Mtoto huyu ameshaanza kuhesabiwa kule."

Kamati ilikutana chumbani kwa Kengele, mlango umefungwa, wote wakinong'ona. Kengele alilia. Alisema ana wajukuu wanne na hana pa kwenda, na kwamba labda ungejaribiwa uganga mwingine. Dobi akamkata kauli.

"Kwa hiyo mtoto wa mwenzetu ndiye atulipie nyumba?"

Kengele akajifuta machozi, akasema basi wakala akija kesho aambiwe kweli.

Jioni ile fundi alipanda peke yake, akasimama mbele ya mlango bila kubisha, akijiambia kwamba amekuja kuhakikisha tu, ingawa moyoni alijua amekuja kusikia, na harufu ya dawa ikamjia usoni kama pumzi, na chini ya mlango, pale mwanga wa taa ya ukumbi ulipofika, akaona vidole vya miguu vimepangana vikimwelekea, vimesimama karibu mno na mbao kuliko mtu mwenye uso anavyoweza kusimama, na sauti ambayo tangu msiba alilala na kuamka akiikumbuka ikamwita kwa jina ambalo jengoni mkewe peke yake ndiye aliyelitumia, wengine wote wakimwita Mwenyekiti.

"Baba Kidoti. Kesho usinikane."

Asubuhi wakala alikuja na mabaunsa wawili. Fundi alimngoja getini, wapangaji wote nyuma yake.

"Chumba cha juu hakina mtu," alisema. "Mke wangu alifariki. Nilikudanganya."

Wakala alitabasamu, akapanda. Alikaa muda. Aliposhuka, viatu vyake alikuwa amevishika mkononi, na hakumtazama mtu machoni.

"Mzee, ugonjwa haufanyiwi mzaha," alisema. "Mama wa watu kajifunika pale, ananiulizia watoto wangu, mmoja mmoja, kwa majina." Akawaambia mabaunsa waende, chumba kina mkaaji.

Kengele alipiga vigelegele. Dobi alimkumbatia kila aliyekuwa karibu. Katika furaha ile Kidoti alikuwa ameshafika ngazi ya tatu, anapanda taratibu, mkono mmoja ameuinua kama anayeshikwa na mtu.

Fundi alimnyakua, akavuka geti. Walimwita, Mwenyekiti, unakwenda wapi, tumeshinda. Hakugeuka. Cherehani aliiacha, nguo za mtoto aliziacha, na mtoto alimpiga mateke mpaka waliposhika barabara kubwa, hapo akalegea na kuomba maji. Alimnywesha kwenye bomba la mtaa, akakaa naye kwenye ngazi za duka lililofungwa, akamlaza mapajani. Mwenye duka alipokuja kufungua aliwaambia wasogee, pale si mahali pa kulala watu. Fundi akambeba bintiye, akasogea.