Ukoga wa Taya la Kale

Haya aliniambia rafiki yangu mwenyewe, na si mtu wa kutunga mambo. Kazi yake chuoni ni kukwangua ukoga kwenye meno ya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita, ili ijulikane walikula nini na waliugua nini. Kinyaa alishakizoea, au ndivyo alivyodhani.

Mchana mmoja profesa wake alimtuma kwenye ghala la chini akalete taya moja. "Mwanangu, fanya haraka, hadubini inatusubiri." Akashuka, akatoa sanduku kwenye rafu, akafungua kifuniko. Taya lilikuwa kavu kama kigae. Hapo umeme ukakatika.

Ghala lile halina dirisha hata moja. Gizani akasikia mtu anatafuna, taratibu, midomo wazi, chwa, chwa, kisha akameza. Ikafuata pumzi ya moto usoni, yenye harufu ya kinywa kisichojua mswaki.

"Nani huyo?" aliuliza. "Acha utani, bwana!"

Kutafuna kukakoma. Akapapasa mfukoni kutafuta simu, na mkono wake mwingine ukagusa kitu chenye utelezi. Alipowasha tochi, hakukuwa na mtu. Akatapika palepale, juu ya viatu vyake.

Profesa alimfuata na taa. Aligusa taya kwa kidole, akakifuta kwenye koti mara tatu. Meno yote yalikuwa yameloa. Kwenye gego la mwisho ulining'inia uzi mrefu wa mate, nao ulikuwa bado wa vuguvugu.